Mtoto wa Saa Kumi

Watoto wanaolia alfajiri tumewaona wengi. Anayelia ana njaa, au tumbo linamsokota, au jino linachomoza. Kwa vyovyote ana sababu, na sababu ina dawa. Lakini mtoto anayeamka saa kumi alfajiri akicheka, hebu nambieni, huyo anatibiwa na nini?

Mhoja, mwana wa Wilhelmina wa Pasiansi, alikuwa wa aina hiyo. Miezi minane, mzito, mashavu kama maandazi. Jogoo wa jirani bado hajakohoa, yeye keshakaa kitako katikati ya kitanda, anampiga mama yake makofi ya uso. Ba-ba-ba-ba! Anavuta nywele, anachokoa pua, anacheka peke yake gizani. Wilhelmina anafungua jicho moja, anatazama dirishani, haoni kitu, giza totoro. "Mayu wane," anamwita mama yake kwa Kisukuma, "mwanangu, nani kakutuma?" Halafu anawasha kibatari, kwa sababu angefanya nini tena, anamnyonyesha, anamwimbia, anamfanyia kivuli cha mbuzi ukutani kwa vidole. Mhoja anacheka mpaka kwikwi inamshika. Ikigonga saa kumi na moja mama anajifunga khanga, anatoka mbio kulidaka lori la kiwanda barabarani.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha minofu ya sangara. Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, na pwani yote ya Mwanza ilikuwa inanuka samaki na matumaini. Ndege zilikuwa zinabeba minofu kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, yale mafupa yenye kichwa na mkia, tunakaanga na tunashukuru. Wilhelmina alikuwa kibarua wa meza ya kusafisha. Unasimama kutwa na mabuti kwenye maji ya barafu, kisu mkononi, unatoa miiba na utando, mnofu unapita, mwingine unakuja. Kazi ya kutaka macho. Na macho ya Wilhelmina, tangu Mhoja aanze ujuzi wake wa saa kumi, yalikuwa yanafunga yenyewe.

Siku moja kisu kilipita kwenye glovu kikachana ncha ya kidole, na yeye hakusikia kitu mpaka alipoona mnofu mweupe umekuwa mwekundu. Msimamizi akamvuta pembeni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Wilhelmina zaidi.

"Mama, nikikukuta tena umesinzia na kisu mkononi, kesho yake usipande lori. Getini pale wapo wanaosubiri ufe."

Angemwambia nini? Mihayo, mume wake, alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo, mpaka ikaja hiyo habari ya kupunguza wafanyakazi. Walipunguzwa asubuhi, mchana wamesharudisha ovaroli. Mihayo hakurudisha ya kwake, alisema ataifua kwanza. Tangu hapo nyumba nzima ilikuwa inakula kisu cha Wilhelmina. Kisu kikianguka, sufuria nayo inafunikwa. Hilo halikuhitaji kusomea.

Na tumpe Mihayo haki yake. Mwanaume wa Kisukuma, kakulia Magu nyuma ya ng'ombe, lakini alipoona hakuna msichana wa kumlea mtoto wala uwezo wa kumlipa, alisema mwenyewe, "Mama Mhoja, wewe nenda. Mimi nitamshika mpaka nipate kazi." Wilhelmina alikaribia kupiga magoti. Waume wangapi wa mtaa ule wangesema hivyo? Wengine wakiona kinyesi cha mtoto wanaita mkutano.

Basi, dawa za saa kumi zikaanza kuletwa. Mmoja alisema mshindilie uji mzito jioni. Akashindiliwa, akaamka saa kumi ana nguvu mara mbili. Mwingine alisema mcheleweshe kulala. Akacheleweshwa, akaamka saa kumi vilevile, safari hii na hasira juu. Mama mkwe wake alituma salamu kutoka Magu kwamba huyo si mtoto bali ni babu yake amerudi, maana babu alikuwa anatoa ng'ombe zizini kabla ya nyota kuzima, kwa hiyo apewe jina lake na avishwe ushanga. Wilhelmina alivisha ushanga. Mhoja akautafuna.

Jumamosi moja aliruhusiwa mapema akampeleka kliniki. Nesi alikuwa anaitwa Gladness, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchokoza. Alimpima mtoto, akampigapiga mgongo, akauliza.

"Akiamka hiyo saa kumi, wewe unafanya nini?"

"Nawasha taa. Namnyonyesha. Namwimbia kidogo, tunacheza."

Nesi Gladness alicheka mpaka mizani ikatikisika. "Basi ana haki! Ngoma na chakula saa kumi, hata mimi ningeamka. Sikiliza, mama. Mtoto haamki bure. Anaamshwa na mwanga, na kelele, na njaa, na mazoea. Usiwashe taa. Usiongee naye. Mpapase mgongo, umlaze, ajue bado usiku. Na mchana je? Analala sana?"

"Mchana? Hapana, nesi. Mchana kutwa yuko nje na baba yake, anacheza."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Lakini nesi alikuwa amemgeuza mtoto kwenye dirisha, na Mhoja, jua lilipompiga usoni, akafinya macho na kujificha kwapani mwa mama yake.

"Mbona analikimbia jua?"

"Ana usingizi, nesi."

Nesi Gladness alimtazama kidogo, akaandika uzito, akaita mwingine.

Wilhelmina alijaribu. Hakuwasha kibatari. Mhoja alipopiga makofi yake ya saa kumi akakuta giza na kimya, alishangaa, akangoja, akapiga tena. Kisha akaachia yowe ambalo nadhani lilisikika mpaka Mwaloni. Siku ya pili vilevile, ya tatu zaidi. Mihayo naye, badala ya kumsaidia, alikaa ukingoni mwa kitanda ameshika kichwa, anasema kwa sauti ya chini, "Washa, Mama Mhoja. Washa tu. Mpe mwanga wake." Wilhelmina akakasirika. Mwanga wake kwa nini? Ananunua mafuta ya taa yeye? Lakini akawasha, na mtoto akatulia papo hapo, machozi bado mashavuni, akaanza kucheka. Kesho yake kazini alisinzia amesimama na mwenzake akamfinya kabla msimamizi hajapita.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo lilikuwa linamkereketa. Majirani walikuwa wamebadilika. Mwanvua, mama Suhaib, muuza vitumbua wa nyumba ya pili, mwanamke waliyekuwa wakiazimana chumvi na siri, siku hizi alikuwa hajibu salamu vizuri. Akipita na sufuria yake jioni anaangalia pembeni. Siku moja Wilhelmina alimkabili.

"Mama Suhaib, nimekukosea nini?"

Mwanvua akageuza kitumbua kwenye kikaango, polepole. "Mimi? Hujanikosea. Walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku hizi sijui."

Wilhelmina alirudi ndani. Alimwuliza Mihayo, umegombana na Mama Suhaib? Mihayo akasema wanawake wana maneno mengi, akageukia ukuta. Na kweli alikuwa amekonda, Mihayo. Rangi ilikuwa imempauka. Wilhelmina alidhani ni mawazo ya kazi.

Sasa ngojeni niwaambie ya Alhamisi.

Upepo ulikuwa umevuruga ziwa siku mbili, mitumbwi haikutoka, sangara hawakuja. Saa nne asubuhi kiwanda kikasema nendeni nyumbani, na vibarua wakarudishwa kwa lori lilelile. Wilhelmina alishuka barabarani anaimba. Mchana mzima nyumbani! Angemkuta Mhoja uani kwenye vumbi, angemnyakua, angelala naye kivulini mpaka jioni. Alinunua hata ndizi mbivu njiani. Alikata kona ya mawe makubwa yale ya Pasiansi, akasimama.

Watu walikuwa wamejaa mbele ya mlango wake. Mwanvua amesimama mbele, mikono kichwani. Mzee Ndalahwa, mjumbe wa nyumba kumi, alikuwa ameshika nondo. Na mlangoni, kwenye komeo la nje, lilikuwa linaning'inia kufuli kubwa la shaba ambalo Wilhelmina hakuwahi kuliona maishani mwake.

Mwanvua ndiye aliyemwona kwanza. "Huyo anakuja! Huyo mama mtu! Wilhelmina, huna haya wewe! Unamfungia mtoto wa miezi minane peke yake ndani, mchana kutwa!"

"Nani? Nani kamfungia nani?"

"Usijifanye! Kila siku tunamsikia. Analia kidogo, ghafla kimya. Analia, kimya. Nikadhani masikio yangu. Leo kalia mpaka kakabwa na kikohozi, nikasema basi, liwalo na liwe, nikamwita mjumbe."

"Lakini yuko na baba yake!"

Watu wakaguna. Mzee Ndalahwa akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mayu, mume wako tunamwona kila asubuhi. Anatoka na ovaroli, anafunga mlango, anatuamkua, anakwenda kazini Buhongwa kwenye pamba. Leo hii kanipa shikamoo mimi mwenyewe hapa."

Buhongwa? Pamba? Wilhelmina alisikia maneno lakini hayakuwa na pa kukaa. Mihayo ana kazi? Mihayo anatoka kila asubuhi? Na mtoto? Ndizi zilimdondoka. Kisha ndani ya nyumba, nyuma ya lile kufuli, mtoto akakohoa. Kikohozi cha Mhoja, mama yeyote angekijua. Halafu kimya kikafuata, cha ghafla, cha kuzibwa.

Hakungoja nondo ya mtu. Aliokota jiwe la kupigia mihogo lililokuwa kibarazani, akaligonga kufuli, akaligonga, akaligonga, huku analia kwa sauti ambayo majirani hawakuijua, hata Mwanvua akarudi nyuma. Komeo likang'oka na misumari yake. Wilhelmina akausukuma mlango kwa bega akaangukia ndani.

Giza. Saa tano ya mchana, jua la Mwanza linachoma bati juu, na ndani ya chumba giza la kutoona mkono. Dirishani lilikuwa limetundikwa blanketi zito la kijivu, misumari pande zote. Kulikuwa na joto na harufu ya maziwa na jasho. Mwanga wa mlangoni uliingia taratibu mpaka kwenye ukuta wa mwisho, na pale, amechuchumaa kwenye kona kama mtu anayesubiri kupigwa, alikuwa Mihayo. Ovaroli ya kiwanda mwilini. Juu ya ovaroli, kifuani, fundo la khanga ya mke wake. Mgongoni, Mhoja.

Watu waliokuja kuokoa maiti ya mtoto walisimama mlangoni midomo wazi. Kisha nyuma kabisa mtu mmoja akachekea puani, akafuatiwa na mwingine, na kicheko kikapita mtaa mzima kama moto wa nyasi. Mwanaume na mbeleko! Fundi wa mitambo kabeba mtoto!

"Shemeji," Mwanvua alisema, sauti imekwisha, "si ulikwenda Buhongwa?"

Mihayo alijibu baadaye, kwa vipande. Kila asubuhi, Wilhelmina akishaondoka, alivaa ovaroli, akabeba bakuli la chakula tupu, akafunga kufuli mbele ili lionekane, akawaamkua wote mmoja mmoja. Kisha akazunguka mawe, akapenya ua wa minyaa, akaingia kwa mlango wa nyuma na kuweka komeo, akalitundika blanketi kwenye misumari yake. Jioni, kabla lori halijarudi, aliling'oa, akazunguka tena kufungua kufuli kama anayetoka kazini, akalificha. Watu waone ana kazi. Waone mlango umefungwa, wasibishe hodi. Kwa sababu angebishiwa hodi na wenzake wa kiwandani, au na mtu wa kwao Magu, wamkute na mtoto mgongoni, angekwenda wapi na uso wake?

Mzee Ndalahwa alikuwa mtu mzima kwelikweli. Aliweka nondo chini, akawageukia watu. "Haya. Aliyefiwa hayupo, mwizi hayupo. Mnasubiri pilau? Nendeni!" Wakaenda, wanacheka na kusukumana, na habari ikatangulia mbele yao mpaka sokoni.

Wilhelmina alimsogelea mumewe, akafungua fundo, akamchukua mtoto, akampeleka mlangoni amwone vizuri kama ni mzima. Mwanga ulipompiga, Mhoja alifunga macho akapiga ukelele. Akajikunja. Akageuza shingo huku na huko akitafuta, akanyoosha mikono yote miwili, lakini si kwa mama yake. Alikuwa anamtaka Mihayo. Wilhelmina alijaribu kumkumbatia. Mtoto alimsukuma kifua kwa nguvu zake zote, analia kama yuko mikononi mwa mgeni.

Mama yangu mzazi! Umembeba tumboni, umemzaa, unakatwa vidole kwa ajili yake, halafu mchana kweupe hakujui. Wilhelmina alimrudisha kwa baba yake na akakaa chini pale pale kizingitini.

Kisha akauliza. "Mchana kutwa, Baba Mhoja. Mchana kutwa gizani. Ulikuwa unamfanya nini?"

"Nilikuwa namlaza." Mihayo alikuwa anaongea na sakafu. "Akianza kuongea watu watasikia. Kwa hiyo akifungua mdomo tu, nampakata, namtikisa, analala. Akiamka, namlaza tena. Akilala ndio napumua."

"Miezi yote hii?"

"Tangu uanze kiwandani."

Kumbe! Kumbe ndiyo hiyo dawa iliyokuwa inatafutwa kwa uji na ushanga! Mchana wa watu wote ulikuwa usiku wa Mhoja; keshalala kutwa, kashiba usingizi, usiku analala nusu tu kwa adabu, ikifika saa kumi hana tena cha kulala. Wilhelmina alipandwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo. Alisema maneno mengi, mengine siyarudii. Alimwambia umenidhalilisha mbele ya mtaa, nimeitwa mchawi wa mtoto wangu mwenyewe. Alimwambia mtoto si mtumba wa kuficha chini ya kitanda. Alimwambia kwa aibu yako mimi nilikaribia kukatika mkono.

Mihayo aliyapokea yote. Mwishoni akasema, "Unajua kwa nini nilikuwa nakwambia washa taa?"

"Kwa nini?"

"Mchana hacheki. Humu ndani na mimi hacheki hata mara moja. Nimemzoesha kunyamaza, kanyamaza. Anacheka saa kumi tu, wewe ukiwasha taa. Anaamka kwa ajili yako, Mama Mhoja. Ni hapo tu anapokuona."

Ile hasira yote ya Wilhelmina ikakosa pa kusimama. Alilia, na Mihayo akalia, na Mhoja, aliyekuwa keshalala tena kwa mazoea mgongoni, hakusikia lolote.

Lakini machozi hayapiki ugali. Mihayo alisema kwamba amekwisha kuonekana, hana la kubakia Mwanza. Atakwenda Geita kwenye mashimo ya dhahabu, huko hakuna anayemjua. Wilhelmina akamjibu aende. Nenda, akasema, mimi kesho nitampeleka Mhoja kiwandani nimweke kwenye barafu na sangara. Kisha akaingia kulala bila kula. Na alfajiri, saa kumi, Mhoja akaamka akicheka, taa ikawashwa, na saa kumi na moja Wilhelmina alimweka mikononi mwa Mihayo, akalikimbilia lori bila kujua akirudi atakuta nani.

Siku ile alikata minofu roho juu. Hakusinzia, hofu haina usingizi. Jioni alishuka barabarani, akakata kona ya mawe, akaona mlango uko wazi. Blanketi halikuwapo dirishani. Akaingia: hakuna mtu. Chini ya kitanda, mfuko wa nguo za Mihayo haupo. Kaondoka. Kaondoka na mtoto wangu!

Alitoka nje anakimbia bila kujua anakimbilia wapi, na Mwanvua akampigia kelele kutoka kwenye jiko lake la vitumbua. "Wewe! Unakwenda wapi? Wako huku!"

Walikuwa uani kwa Mwanvua. Mihayo amekaa kwenye kigoda, ovaroli haipo, kavaa shati na bukta, anakuna nazi. Mfuko wake wa nguo ulikuwa umemwagwa kwenye beseni, unalowekwa. Mhoja alikuwa chini kwenye vumbi, mweusi wa tope kutoka kidole mpaka kisogo, anagombania jani na kuku. Akimwona kuku anafinya jicho moja, jua bado hajalizoea, lakini anapiga kelele za ushindi kama mnadi wa mnada.

"Hukuwepo wewe," Mwanvua alisema, anafuta machozi ya kicheko kwa upande wa mkono. "Wamepita vijana hapa wa kijiweni. Wakamwinamia, 'Shikamoo, mama!' Nikasema leo mtu atauawa. Shemeji wala hakugeuka. Kawajibu, 'Marahaba, wanangu, hamjambo?' Wakaishiwa. Walikwenda zao kama wamemwagiwa maji."

Mihayo aliendelea kukuna nazi, lakini masikio yake yalikuwa yamewaka. Wilhelmina alikaa kwenye vumbi karibu na mtoto. Mhoja alimtazama kwa muda mrefu kwenye ule mwanga wa jioni, akamgusa pua, akamtazama tena, kama anayelinganisha. Kisha akampa jani.

Usiseme mambo yalinyooka kesho yake. Mwili wa mtoto ni mkaidi. Wiki nzima Mhoja aliendelea kufika saa kumi, na wiki nzima walifanya alivyosema Nesi Gladness: hakuna taa, hakuna wimbo, mkono mgongoni na basi. Alilia, loo, alilia! Safari hii Mihayo hakusema washa. Alikuwa anambeba kifuani gizani, anatembea naye kutoka ukuta mpaka ukuta, na kukicha anamtoa nje akalione jua likitoka. Mchana usingizi mmoja mfupi na kuamshwa. Yowe likawa kilio, kilio kikawa mguno. Jioni mtoto alikuwa anasinzia kwenye bakuli la uji.

Halafu ikaja alfajiri moja ambayo Wilhelmina aliamka mwenyewe. Alilala kimya anangoja makofi ya uso. Hayakuja. Alitega sikio, hakusikia kitu. Ameacha kupumua! Alimpapasa gizani, kifua, shingo, akaweka kidole chini ya pua. Pumzi ilikuwa inatoka, ya moto, ya taratibu. Mhoja alikuwa amelala chali, mikono ameitupa juu ya kichwa, mdomo wazi. Alikuwa amelala kama watoto wengine wote wa Pasiansi.

Wilhelmina alikaa kitandani akamshukuru Mungu. Alikuwa amelala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Kichwa kilikuwa chepesi, macho yamefunguka yenyewe, siku hiyo hakuna msimamizi ambaye angempata. Alivaa gizani, akafunga khanga, akachukua viatu mkononi ili asitoe sauti. Akafika mlangoni. Akasimama.

Alisubiri. Saa kumi na moja ilikuwa imefika, na jioni angerudi amkute mtoto anasinzia kwenye uji. Leo asingemwona akicheka. Wala kesho. Aliyataka haya mwenyewe, aliyaombea, aliyatafutia dawa mpaka ushanga. Akarudi hatua mbili, akamtazama. Akakohoa kidogo. Mtoto hakutikisika. Na hapo, jamani, mwanamke yule mwenye akili zake timamu alinyoosha mkono, akachukua mfuniko wa sufuria rafuni, akauachia sakafuni.

Ulilia nyumba nzima. Mihayo alikurupuka, "Nini? Nani?"

"Umeniponyoka," Wilhelmina alisema, na alishtuka kuisikia sauti yake mwenyewe ikidanganya.

Mhoja alijigeuza ubavu, akavuta mkono wa baba yake akauweka chini ya shavu, akaendelea kulala.

Kwenye lori mwenzake alimmulika kwa tochi akacheka. "Ehe, leo macho yamekuwa ya mtu! Mtoto kakuachia ulale?"

Wilhelmina alisema ndiyo, ameniachia, nimelala vizuri sana. Kisha akajifunika khanga usoni, na hakuitoa mpaka getini.